UZI: Kaflinki, pini za tai na cheni za saa za fedha halisi – kuzitambua, kuzivaa na kuzitunza huku Kusini

#1 MkufuWaShangani (mleta mada)

Wadau, salaam. Kila msimu wa harusi Mtwara na Lindi maswali ni yaleyale: hii ni fedha au ni ya kuchovya (metali nyingine iliyopakwa fedha juu), niisugue na nini, fundi kaiunga kwa risasi ya kulehemu je itapona. Tuyaweke mahali pamoja. Nazungumzia vitu vidogo vya mwanaume aliyevaa suti: kaflinki (vifungo vya kuchomeka kwenye mikono ya shati), vifungo vya kifua cha shati, pini na kibanio cha tai, cheni ya saa ya mfukoni, vijiti vya kola, bizimu la mkanda. Vya zamani, na vya fedha 925, yaani katika kila sehemu 1000 za uzito, 925 ni fedha na zilizobaki karibu zote ni shaba. Shaba imetiwa kwa sababu fedha tupu ni laini, inapinda hata kwa kidole.

Sheria ya kwanza: usisugue kitu mpaka umekisoma. Chapa, yaani alama zilizogongwa kuonyesha usafi, mji na mwaka, za zamani ni ndogo na hazina kina, na kila msuguo unaondoka na fedha kidogo. Kaflinki iliyofutika chapa inauzwa kwa mizani tu, ile yenye chapa kali inauzwa kama kitu cha kale.

Chukua lenzi ya sonara ya kukuza mara 10, simama mlangoni mwanga ukupige kutoka ubavuni, si kutoka juu. Kwenye kaflinki tazama mgongo wa uso na ubavu wa kijiti. Cheni nzuri ya saa ina simba mdogo kwenye kila pete, na chapa kamili kwenye fimbo ya T na kwenye ndoano. Pini ya tai mara nyingi haina kitu kabisa, kwa kuwa vitu vidogo sana vilisamehewa kugongwa, kwa hiyo usiitupe kwa sababu hiyo tu.

Za Uingereza ndizo zinazotokea sana. Simba anayetembea kuelekea kushoto, mguu wa mbele juu, ni fedha 925. Alama hiyo ipo tangu 1544. Halafu mji: nanga ni Birmingham (tangu 1773), kichwa cha chui ni London, taji ni Sheffield mpaka 1974 kisha likawa waridi, miganda mitatu ya ngano na upanga ni Chester, ambako ofisi ilifungwa 1962. Kaflinki nyingi utakazokutana nazo zina nanga, maana Birmingham ndiko vitu vidogo vilikotengenezwa kwa wingi. Kwa kawaida nanga iliyosimama ni ya fedha, iliyolala ni ya dhahabu.

Herufi ndiyo mwaka, lakini haisomwi peke yake. Birmingham walikuwa na mzunguko wa herufi 25 bila J: a ndogo ni 1900, A kubwa ni 1925, na A inarudi tena 1950. London mzunguko ni wa herufi 20, inaanza upya 1896, 1916, 1936, 1956. Kwa hiyo unasoma mji kwanza, halafu mtindo wa herufi na umbo la ngao yake, ndipo unasema mwaka. Zamani herufi ilibadilishwa katikati ya mwaka, hivyo A ya 1925 inaingia hadi 1926. Ukiona kichwa cha mfalme au malkia pembeni, hiyo ni alama ya ushuru, ilitumika 1784 hadi 1890. Kichwa hicho kikikaa na herufi ya 1910, shuku. Vichwa viwili pamoja ni jambo jingine: ni alama ya jubilei ya katikati ya miaka ya 1930, na ni halali.

Herufi mbili tatu zilizobaki ni za mtengenezaji au mfanyabiashara aliyepeleka kitu kupimwa. Haya, leteni maswali.

#2 MtumbaLigula

Mkuu heshima yako. Mimi nafungua mabelo ya makoti na mashati, humo ndani vitu hivi vinatoka. Nina tatu mezani. Moja imeandikwa EPNS na A1 kila herufi kwenye kibanda chake. Ya pili imeandikwa STERLING basi, hakuna simba. Ya tatu ina 800 na kamwezi kadogo. Ipi ni mali?

#3 MkufuWaShangani

@MtumbaLigula ya kwanza ni ya kuchovya. EPNS ni aloi ya shaba, nikeli na zinki iliyopakwa fedha kwa umeme, biashara iliyoshika kasi baada ya hataza ya Elkington wa Birmingham mwaka 1840. Herufi zimewekwa kwenye vingao vilivyopangwa mstari ili mtu mwenye haraka aone chapa za fedha halisi. A1 ni sifa ya unene wa kuchovya, haina uhusiano na usafi. Tazama kingo na sehemu inayogusa kitambaa: fedha ikiisha hapo unaona rangi ya manjano hafifu au kijivu cha nikeli.

STERLING peke yake ni desturi ya Marekani. Wao hawakuwa na ofisi ya serikali ya kupima, mtengenezaji aliandika mwenyewe, na kwa kawaida ni kweli. Ikiandikwa COIN basi ni 900. Ikiandikwa SIAM STERLING, na uso ni mweusi wenye picha ya mchezaji ngoma wa kwao, hiyo ni ya Thailand, na ule weusi ni kazi ya makusudi. Ukiufuta umeua kitu.

800 yenye mwezi na taji ni Ujerumani, tangu 1888. Fedha halali, ila ya daraja la chini kidogo. Kwa nchi nyingine: kichwa cha mwanamke mwenye kofia ya vita, yaani Minerva, ni Ufaransa tangu 1838, cha daraja la kwanza ni 950 na cha pili 800. Na kwa sisi tulio karibu na Ruvuma, zingatieni za Ureno zinazovuka kutoka Msumbiji: tai mwenye namba 833 au 916 ni za 1938 hadi 1984, kichwa cha nguruwe mwitu ni za kabla ya hapo. 833 si 925, msilipe bei ya 925.

Ukikuta 925 ndani ya duara au mviringo, na badala ya nanga kuna pembetatu, hiyo ilitengenezwa nje ya Uingereza ikapimwa Birmingham, baada ya 1904.

#4 NewalaJuu

Mbona mnajitesa na lenzi. Sumaku inatosha. Ikinata si fedha, isiponata ni fedha. Tumemaliza uzi 😀

#5 SonaraLindi

Kijana, sumaku inakamata chuma na metali chache tu. Shaba haikamatwi, risasi haikamatwi, na ile aloi ya EPNS nayo kwa kawaida haikamatwi. Na kaflinki halisi yenye spring ya chuma ndani ya kijiti inanata vizuri kabisa. Ukifuata sumaku utatupa nzuri ununue mbaya.

Pimeni kwa maji. Inahitajika mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01, glasi ya maji, na uzi mwembamba wa kushonea au nailoni. Pima kitu kikavu. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe sifuri, kisha ning'iniza kitu kwenye uzi kizame chote bila kugusa chini wala ukuta wa glasi. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawa uzito wa kwanza kwa huo. Mfano: kikavu gramu 14.52, ndani ya maji mizani ikasoma 1.40. Gawa, unapata 10.37. Hiyo ni 925. Fedha tupu ni 10.49, aloi ya EPNS inazunguka 8.7, shaba 8.96, risasi 11.34. Kitu hichohicho cha gramu 14.52 kingekuwa EPNS, mizani ingesoma 1.67 hivi. Tofauti ni robo gramu, ndiyo maana mizani ya dukani ya kupimia sukari haifai.

Kinachoharibu kipimo: mapovu ya hewa yaliyonata kwenye nakshi (tia tone moja la sabuni ya maji, tikisa), jiwe au enameli (rangi ya kioo iliyochomwa juu ya metali), sehemu yenye uwazi ndani, na sehemu iliyojazwa lami. Vibanio vya tai vya gamba jembamba na baadhi ya kaflinki nene zina lami ndani, hivyo namba itashuka ingawa fedha ni halali. Kwa hizo rudi kwenye chapa.

Asidi ninayo dukani ila sipendi mtu akwaruze kitu cha kale. Ikilazimu, kwaruza mahali pasipoonekana, ndani ya pete ya kuunganishia, chora kwenye jiwe la kupimia na uiweke asidi kwenye jiwe, si kwenye kitu. Ile asidi ya dikromati inageuka nyekundu ya damu kwenye fedha nzuri. Ni sumu, isikae nyumbani kwenye watoto.

#6 MtumbaLigula

Shikamoo mzee SonaraLindi, hapo nimepata elimu. Swali: nikikuta jozi, moja ina chapa zote, nyingine haina kitu. Ni kosa la kiwandani?

#7 SonaraLindi

Marahaba. Mara nyingi hiyo ni jozi ya kuozeshwa: moja ilipotea, ikatafutwa ya kufanana. Linganisha uzito wa moja moja, unene wa uso, idadi ya pete za kiungo na namna nakshi ilivyochongwa. Zilizozaliwa pamoja hupishana kidogo sana kwa uzito. Na kinyume chake pia uangalie: chapa zinazofanana mno pande zote, hata mkwaruzo mmoja upo mahali palepale, hiyo imemiminwa kwenye kalibu kutoka kwa kitu kimoja. Chapa ya kugongwa ina kingo kali, na upande wa pili wa bati jembamba unaona uvimbe. Chapa ya kumiminwa ni ya mviringo-mviringo, ina vitundu vidogo kwenye sakafu yake.

#8 Mwanamikindani

Habari zenu. Mimi ni upande wa cherehani, naomba niongeze la kuvaa, maana wengine wananunua kitu kisha shati halikubali.

Kaflinki inataka mkono wa shati wenye matundu pande zote mbili na usio na kifungo. Mkono wa kukunja una tabaka nne za kitambaa, kwa hiyo kaflinki ya cheni yenye nafasi chini ya milimita 12 hivi kati ya nyuso zake mbili itabana na kukunja kitambaa. Za zamani nyingi ni fupi, zilifanyiwa mikono ya tabaka moja iliyotiwa wanga ikawa ngumu. Usikimbilie kurefusha cheni. Mwambie fundi akutengenezee mkono wa tabaka moja wenye matundu mawili, shati linabaki zuri na kaflinki inabaki kama ilivyozaliwa. Uso wa mviringo mrefu unaingizwa kwa ncha, ukilazimisha kwa ubavu tundu linachanika. Acha tundu la milimita 18 hadi 20, lizungushe kwa uzi wa kutosha.

Aina zenyewe: ya cheni yenye nyuso mbili, ya kijiti kigumu kama kengele mbili ndogo, ya kijiti kinachozunguka, na ya kubofya inayoachana katikati. Hii ya kubofya ilipendwa sana miaka ya 1920 huko Marekani, na jina Kum-a-part likionekana ndani ndiyo hiyo. Ni rahisi kuvaa kwa mkono mmoja, ila ikilegea haibani tena, na kuikaza si kazi ya koleo la baiskeli.

Kibanio cha tai kinakaa kati ya kifungo cha tatu na cha nne cha shati, kinashika tai pamoja na shati, na hakizidi upana wa tai. Pini ya tai ni ya hariri nene au skafu ya shingo. Tai za mtumba za poliesta zinabaki na tundu. Ile mikunjo ya msokoto kwenye shina la pini si pambo, ndiyo inayozuia isiteleze, basi usimruhusu mtu ainyoroshe kwa tupa.

Cheni ya saa: fimbo ya T inapita kwenye tundu la kifungo cha kizibao lililo usawa wa mfuko, saa mfuko mmoja, na kama cheni ni ya pande mbili ncha nyingine inaingia mfuko wa pili. Vijiti vya kola vitoe kabla ya kufua na kupiga pasi. Na jamani, mkifukiza nguo udi, vueni kaflinki kwanza. Moshi wa udi na ubani unaacha utando unaonata, vumbi linashikamana nao, halafu mtu anadhani fedha imeoza.

#9 NewalaJuu

Dada hapo kwa udi umenigusa. Utando huo unatokaje?

#10 Mwanamikindani

Pamba na spiriti, taratibu, kisha maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo. Ila kwenye enameli au lulu usitumie spiriti.

#11 MwalimuKemia_Mtwara

Naomba niingie kwenye weusi. Si kutu. Ni salfaidi ya fedha, inatokea fedha ikikutana na gesi zenye salfa, na unyevu unaharakisha. Huku kwetu unyevu tunao, na wa Mikindani wana zaidi: tope la mikoko maji yakitoka linatoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ile harufu ya yai viza. Nyumba iliyoelekea ghuba, kaflinki iliyoachwa wazi juu ya kabati itakuwa ya manjano, kisha kahawia, kisha nyeusi, mapema kuliko ya Masasi. Chumvi ya upepo wa bahari inaleta kitu kingine, kloridi ya fedha, madoa ya kijivu yasiyong'oka kwa kitambaa. Na ukijani kwenye maungio unatoka kwenye shaba iliyo ndani ya aloi.

Vyanzo vingine vya salfa viko ndani ya nyumba: raba, sufu, mayai, magazeti, na glavu za mpira. Watu wanafunga fedha kwa mpira wa kubania noti kisha wanashangaa kuona mstari mweusi.

Dawa rahisi: tandika foili ya alumini kwenye bakuli la plastiki au kioo, weka kitu kiguse foili, tia lita moja ya maji ya moto, kijiko kikubwa cha bekingi soda na kijiko cha chai cha chumvi. Alumini inachukua salfa, fedha inabaki pale pale kwenye kitu. Dakika mbili tatu, suuza, kausha. Hakuna msuguo, hakuna fedha inayopotea.

#12 SonaraLindi

Mwalimu kemia yako ni sahihi, ila dawa hiyo usiitangaze bila mipaka.

Kwanza, nakshi za zamani zinaonekana kwa sababu ya weusi uliokaa mabondeni. Foili haichagui, inasafisha mpaka ndani, kitu kinatoka cheupe na kimepauka, hakina sura. Pili, kaflinki ya kijiti kinachozunguka na ndoano ya cheni ya saa zina spring ya chuma ndani. Maji ya chumvi yakiingia humo hayatoki, na kwa hewa ya Lindi spring inakwisha. Tatu, zile nyeusi za Siam, enameli, lulu, jiwe lililobandikwa kwa gundi, na kitu kilichojazwa lami, zote zisiguse bakuli hilo. Lami inalainika kwa maji ya moto, enameli inapata nyufa kwa mshtuko wa joto.

Inafaa wapi? Cheni tupu isiyo na ndoano, vijiti vya kola, vifungo laini visivyo na nakshi. Na hata hapo toa chumvi, soda pekee inatosha.

Njia yangu: maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo isiyo ya ndimu, brashi laini ya mtoto, suuza kwa maji ya mvua au ya chupa (ya kisima cha pwani yana chumvi). Kausha kwa kitambaa cha pamba, halafu weka kivulini penye upepo mpaka kiungo kikauke. Kama weusi unabaki juu ya uso, changanya unga laini wa chaki na maji na tone la spiriti mpaka uwe uji mzito, paka kwa pamba, futa kwa mwendo wa kwenda na kurudi upande mmoja. Usizunguke duara. Usipite juu ya chapa, zizibe kwa kidole. Dawa ya meno haifai, ina chembe ngumu. Majivu hayafai. Ndimu haifai, inakula shaba kwenye uso. Dawa ya kufulia yenye klorini ndiyo mbaya kuliko zote, doa lake linabaki kijivu.

#13 MwalimuKemia_Mtwara

Nakubali mipaka hiyo mzee, hasa ya spring. Sikubali moja: kuhusu chaki. Chaki ya ubaoni siku hizi nyingi ni jasi, na zina chembe zisizo sawa. Anayesoma asije akaponda chaki ya darasani. Inatakiwa kaboneti ya kalsiamu laini ya dukani kwa wauza dawa.

#14 SonaraLindi

Hapo uko sawa. Ya wauza dawa.

#15 Chikongola_Boy

Mimi nina kaflinki ya nanga, kiungo kilikatika, fundi wa redio akaipiga risasi ya kulehemu. Inashika lakini pana donge la kijivu. Nimpelekee sonara aiyeyushe upya?

#16 SonaraLindi

Usimruhusu mtu yeyote aipige moto hivyo ilivyo. Soma vizuri.

Risasi ya redio ni bati na risasi, inayeyuka karibu nyuzi 190. Fedha 925 inaanza kulainika zaidi ya nyuzi 800, na lehemu ya fedha, ile inayoyeyuka mapema, inataka kama nyuzi 700. Ukipasha moto wa kulehemu fedha huku risasi bado ipo, risasi inazama ndani ya fedha na kuitafuna, unaona vitundu na nyufa palepale mbele ya macho yako. Hakuna kurudi nyuma. Utajuaje ni risasi: ni kijivu kisichong'aa, kisu kinaikwangua kwa urahisi.

Kwa hiyo kwanza inaondolewa yote. Inapashwa kidogo tu mpaka iyeyuke, inapanguswa, halafu inakwanguliwa kwa kisu na tupa ndogo mpaka rangi nyeupe ya fedha itokee pande zote. Vumbi lake ni sumu, kusanya kwa karatasi mbichi, nawa mikono. Kama imeingia kwenye mshono usiofikika, basi afadhali kiungo kile kikatwe na kuwekwa kipya kuliko kuubabaisha.

Kiungo kipya ni waya wa 925 wa milimita 1.0 hadi 1.2. Usitumie 800 wala waya wa shaba uliochovywa, pete itakatika tena na itaacha ukijani. Pete inakatwa kwa msumeno wa sonara, si kwa koleo la kukatia, ili ncha zikutane bapa: lehemu haijazi pengo. Unapaka boraksi (unga wa kusaidia lehemu itiririke), unaweka kipande cha lehemu kidogo kama kichwa cha pini, unapasha kitu chote kwa moto laini na mpana, si pete peke yake, maana lehemu inakimbilia penye joto. Uso wenye chapa unaupaka boraksi na asidi ya boriki iliyoyeyushwa kwenye spiriti, ili shaba isiungue. Ukiacha hilo unapata madoa ya zambarau chini ya ngozi ya fedha, nayo hayatoki kwa kitambaa. Mafundi wanayafuta kwa msasa, na ndiko chapa zinakoondokea.

Baada ya hapo kitu kinachemshwa kwenye maji ya shabu, au asidi ya sitriki ya unga, mpaka kiwe cheupe. Tumia koleo la shaba au mti. Ukiingiza koleo la chuma humo, shaba iliyo kwenye maji inaruka na kupaka fedha rangi ya waridi, na wateja wanasema umewabadilishia kitu.

Kuhusu kaflinki yenye enameli au jiwe: kiungo kisilehemiwe kwenye uso. Afadhali pete ya kufungwa kwa mikono, isiyolehemiwa, ya waya mgumu.

#17 Chikongola_Boy

Nashukuru sana mzee. Sitaigusa.

#18 MtumbaLigula

Na hizi za sarafu? Kuna watu wanatengeneza kaflinki kwa rupia za Mjerumani na shilingi za zamani za mfalme. Zinahesabika?

#19 MkufuWaShangani

Zinahesabika, lakini si za 925, msizichanganye. Rupia ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ina gramu 11.66 na fedha 917, sawa na rupia ya India iliyozunguka pwani hii kabla yake. Reale ya Maria Theresa, ile yenye mwaka 1780 hata kama ilipigwa juzi, ina gramu 28.07 na fedha 833, ni nzito mno kwa kaflinki lakini ilikuwa malighafi ya masonara. Shilingi ya Afrika Mashariki ya kuanzia 1921 ndiyo mtego: gramu 7.78, lakini fedha ni 250 tu kwa 1000, robo. Ikikwanguka inaonyesha manjano. Na kuanzia 1948 haina fedha kabisa.

Ushauri wangu, na najua wengine watanuna: rupia nzuri yenye maandishi makali ina thamani zaidi ikiwa sarafu. Kuilehemu kijiti mgongoni ni kuichinja. Tumia zilizochakaa.

Halafu kuna kazi ya Ibo, kile kisiwa cha Cabo Delgado upande wa pili wa Ruvuma. Masonara wa huko wanasuka waya mwembamba wa fedha, kazi ya siku nyingi, na zamani waliyeyusha sarafu. Haina chapa. Usafi wake unategemea kilichoyeyushwa siku hiyo, na kipimo cha maji hakisomi sawasawa kwenye kazi ya waya kwa sababu ya mapovu. Nunua kwa ubora wa mkono. Angalia waya zote zimeshikana na fremu, sukuma kidogo kwa kijiti cha meno. Waya zinazocheza zitakatika mwaka huohuo. Ukisafisha, brashi laini na maji tu, hakuna chaki, maana chaki ikikauka ndani haitoki.

#20 NewalaJuu

Sasa bei mzee, msituzungushe. Nikikuta jozi nilipe ngapi?

#21 MkufuWaShangani

Anzia chini. Uzito mkavu mara 0.925 mara bei ya gramu ya fedha siku hiyo. Ile ya gramu 14.52 ina fedha tupu gramu 13.43. Bei ya dunia hutangazwa kwa aunsi ya gramu 31.1, kwa hiyo gawa kwanza. Hiyo ndiyo sakafu, chini ya hapo muuzaji anajipunja. Juu yake unaongeza kwa mambo haya tu: chapa kamili inayosomeka, jozi iliyozaliwa pamoja, kiungo cha asili kisicho na risasi, enameli isiyo na ufa, na jina la mtengenezaji anayetafutwa, kama Deakin & Francis wa Birmingham. Kisanduku chake cha asili kinaongeza pia, hasa kwa seti za vifungo vya kifua. Herufi za jina la mtu zilizochongwa usoni zinapunguza kidogo. Kuzifuta kunapunguza zaidi, kwa sababu uso unabaki mwembamba na una bonde. Bonyeza katikati kwa kidole: ukihisi unabonyea, mtu ameshafuta.

Cheni ya saa ipime kwa mizani na kwa macho: vuta pete mbili mbili, tazama pale zinaposuguana. Pete zilizoliwa mpaka nusu zitakatika saa ikiwa mkononi mwa mtu, na kuzibadilisha zote kunazidi bei ya cheni.

Jambo la kisheria, kwa wanaouza nje: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inagusa vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863. Kaflinki za 1900 ziko nje ya mwaka huo, ila kifungo chenye alama ya ushuru na herufi ya kabla ya 1863, uliza Idara ya Mambo ya Kale kabla ya kukitia kwenye kifurushi.

#22 Mwanamikindani

La mwisho kwangu, kuhifadhi. Kila kipande kwenye mfuko wake mdogo wa plastiki ya kufunga kwa kubana, ile inayolia ikikunjwa au laini isiyo na harufu. Plastiki nene yenye harufu ya viatu vipya usitumie. Ndani weka kitambaa cha pamba nyeupe kilichofuliwa bila dawa ya madoa, na kale kapakiti ka chembe za kufyonza unyevu kanakokuja na viatu au dawa. Vyote kwenye kopo linaloziba. Zile chembe zikishalowa haziwasaidii tena: ziwekeni kwenye sinia la bati juu ya jiko lenye moto mdogo bila kuziunguza, zirudi. Masika msifungue kopo mara kwa mara.

Na kaflinki inayovaliwa kila Jumapili haitaki kopo. Futa jasho kwa kitambaa kikavu ukitoka, iache. Inayovaliwa inakaa nyeupe kwa muda mrefu kuliko iliyosahaulika kwenye droo.

#23 Chikongola_Boy

Dada, sanduku la mbao la marehemu babu lenye kitambaa cha sufu nyekundu ndani? Ni zuri sana kwa kweli.

#24 SonaraLindi

Liweke sebuleni watu walitazame. Kaflinki zitoe humo.